Jiwe la Kagunga na Watu wa Ufukweni

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitoe mikono. Nilikuwa kijana mwenye mabega mapana, nimetembea kutoka Katubuka hadi Ujiji nikiwa na shati jipya, na nilidhani makumbusho yameniajiri kwa ajili ya mabega hayo. Uani palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, wa aina waliyokuwa wakichemshia chumvi zamani kule Uvinza. Nilisikia watu wakisema uingizwe ndani kabla ya mvua. Nikainama, nikaukumbatia.

"Toa mikono," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Sadala, fundi mkuu wa uhamishaji, mtu mfupi mwenyeji wa Ujiji, wa ukoo wa Kimanyema, aliyevaa ovaroli siku zote isipokuwa Ijumaa.

"Umeutazama?"

"Nimeutazama, mzee."

"Ni mzito upande gani?"

Nikanyoosha kidole kwa kubahatisha. Akaniketisha juu ya tofali mbele ya ule mtungi, akaenda zake kunywa chai. Nilikaa pale nikiona aibu, watu wakipita wakinicheka. Lakini nilivyozidi kuutazama niliona kwamba ukingo mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, na kwamba karibu na tako kulikuwa na ufa uliozibwa zamani sana na mtu aliyejua kazi yake. Mzee Sadala aliporudi nikamwonyesha vyote viwili. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa unaweza kuugusa. Jina lako nani?"

"Bukuru."

"Basi, Bukuru, shika hapa chini. Mimi nashika upande wenye ufa."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuhamisha vitu vya kale, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu.

Vijana mnaoifanya leo mna kreni zinazonyanyua huku dereva akizungumza na simu. Sisi tulikuwa na vitu vichache, na kila kimoja ilibidi kijulikane kama mtu anavyojulikana. Kulikuwa na mtaimbo, ile fimbo nene ya chuma ya kukongolea. Kulikuwa na kabari za mninga, ambazo husukumwa chini ya kitu ili kisirudi ulikokitoa. Kulikuwa na kapi, magurudumu ya kupitishia kamba. Ukizipanga vizuri, watu wachache huvuta mzigo ambao bila kapi ungewashinda watu wa mtaa mzima. Winchi yetu ilikuwa ya mkono, ya kuzungusha. Magogo ya kuviringishia tuliyachagua wenyewe, yawe ya unene mmoja, yasiwe na vifundo. Na kulikuwa na kitanda, yaani fremu ya mbao nzito inayojengwa chini ya kitu na kukikumbatia, ili ukivuta, uvute mbao na si kitu chenyewe.

Juu ya hayo yote kulikuwa na kitovu cha uzito. Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote unakutana, na mara nyingi mahali hapo si katikati. Mzee Sadala alikuwa akifunga macho, akiweka kiganja juu ya jiwe au mlango wa zamani, akisukuma kidogo sana, mara mbili tatu, kisha akichora alama ya chaki. Tulipofunga kamba kwa kufuata alama ile, kitu kilinyanyuka kikiwa sawasawa kama sinia la chai.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa pwani, chini ya Msimamizi wa Karakana aliyenifundisha kuvika, maana yake kukifunika kitu kwa mablanketi, magunia na vipande vya mbao mpaka kisionekane, ndipo kiguswe na mnyororo. Huko tulihamisha mizinga ya chuma na nguzo za makaburi ya kale. Yule msimamizi alikuwa mkali. Akiona mnyororo umegusa jiwe, alitufungulisha kazi yote tuanze upya, na hakupandisha sauti hata siku moja. Kisha nikapelekwa Dodoma, ambako tulitoa mawe yaliyochongwa kwenye bonde lililokuwa linachimbwa bwawa. Niliporudi Kigoma nilikuwa fundi msaidizi, na nilimkuta Mzee Sadala ameanza kuota mvi. Pia nilimkuta mkuu mpya.

Huyo alikuwa Mhifadhi Mkuu wa Kanda, mwanamke Mhaya, mrefu, aliyesomea mawe ng'ambo na kurudi na tabia ya kuvua viatu kila anapoanza kazi. Alisema miguu mitupu humwambia kama ardhi imeshiba maji. Sisi wote tulimwita Mama Mhifadhi. Alikuwa amejifunza Kiha kwa mwaka mmoja, kwa kukaa sokoni Katonga na akina mama wauza dagaa, kwa hiyo Kiha chake kilikuwa na matusi machache ambayo yeye hakujua kuwa ni matusi. Hakuna aliyemsahihisha. Tulimpenda mno.

Yeye ndiye aliyetuletea habari za jiwe la Kagunga.

Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mlima umesimama kama ukuta, na magari hayafiki. Barabara ya watu wa kule ni maji. Juu ya ukingo, kando ya kijiji, palikuwa na jiwe pana la bapa, lenye urefu wa kumlaza mtu mrefu na nafasi ikabaki. Usoni mwake watu wa kale walikuwa wamechimba vishimo kwa safu nne, kama ubao wa bao, na pembeni kulikuwa na mifereji laini iliyotokana na kunolea majembe na mashoka. Hakuna aliyejua ni la enzi gani. Wazee wa kijiji walisema babu zao walilikuta, na babu za babu zao walilikuta.

Sasa ziwa lilikuwa limepanda. Kila mvua za masika mawimbi yalikula ukingo. Na ziwa letu si la kuchezea: ukitoka ufukweni kidogo tu, sakafu inaporomoka kwenda kilindini. Jiwe likianguka, hakuna mpiga mbizi atakayeliona tena.

Tulikwenda kwa boti ya makumbusho, Mama Mhifadhi, Mzee Sadala na mimi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bihunga, alitupokea vizuri, akatupa ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma, kisha akasema hapana.

"Hili jiwe ni la hapa," alisema. "Mkilipeleka Ujiji litakuwa la nani?"

Mama Mhifadhi hakumhubiria. Alimwomba watembee wote hadi ukingoni. Akamwonyesha mwanya uliofunguka kwenye udongo nyuma ya jiwe, unaoweza kumeza mkono. Mzee Bihunga akachuchumaa, akatia mkono wake humo mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akapangusa udongo.

"Mwaka jana haukuwepo," akasema.

"Haukuwepo, mzee wangu."

Mazungumzo yalichukua safari kadhaa. Mwishowe kijiji kilikubali kwa sharti kwamba jiwe lisifungiwe chumbani. Likae mahali penye upepo, na mtu wa Kagunga akifika aruhusiwe kuketi na kucheza bao juu yake. Mama Mhifadhi alikubali palepale, ingawa kanuni zetu zilisema mgeni asiguse kitu chochote. Njiani kurudi nilimuuliza atawaeleza nini makao makuu. Akasema, "Nitawaeleza kwamba limetengenezwa ili liguswe."

Kazi ilianza kiangazi. Tulilichimbua jiwe pembeni kote kwa sepetu na mikono, tukalinyanyua kidogokidogo kwa jeki na kabari, tukajenga kitanda chini yake. Vijana wa Kagunga walivuta winchi, na Mzee Bihunga alikuja kila asubuhi kulisalimia jiwe. "Mwakeye," aliliambia, kama tunavyosalimiana Waha, kisha akakaa kututazama. Tani sita zilishuka kutoka ukingoni hadi ufukweni bila kukwaruzwa. Baada ya hapo likaja tishari kutoka bandarini Kigoma, chombo bapa cha mizigo, kimevutwa na boti ya injini, chenye mlango wa chuma mbele unaoshuka mchangani kama daraja. Tukalipakia jiwe, tukalifunga. Tulikuwa tuondoke kesho yake asubuhi.

Miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vita ng'ambo ya mpaka vilikuwa vinawaka na kuzimika, na kila vilipowaka watu walivuka. Kigoma hapakuwa na nyumba isiyo na ndugu upande ule. Mama yangu mwenyewe alikuwa na shangazi zake huko. Kwa hiyo hatukushangaa tulipoamka na kuona watu wachache wamelala mchangani karibu na tishari. Lakini kabla chai haijachemka wengine walikuwa wanashuka mlimani kama mchanga unaomwagika, na mitumbwi ilikuwa inakuja kutoka kaskazini imejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Akina mama wenye watoto mgongoni. Wazee waliobebwa kwenye machela ya miti. Mwanamume mmoja alikuwa amebeba cherehani kichwani, na hakuitua hata alipoketi.

Ufukwe wa Kagunga ni mwembamba. Ulijaa. Maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya kuogea na ya kila kitu, na muuguzi wa zahanati ya kijiji alikuja mbio kwa Mama Mhifadhi akiwa ameshika gauni lake.

"Mama, watoto wameanza kuharisha. Wengine wamelegea. Meli itakuja, lakini sijui lini. Hicho chombo chenu kinakwenda Kigoma?"

Wote tukamtazama nahodha wa tishari. Alikuwa mtu mzima wa Bangwe, mtaratibu. Akazunguka jiwe, akapiga sitaha kwa kisigino.

"Na jiwe humu, nachukua watu wachache sana," alisema. "Wakikimbilia upande mmoja kwa woga, na jiwe likisogea, tunazama wote. Bila jiwe nawajaza, narudi, nawajaza tena." Kisha akasema lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa ameshaliwaza. "Kulisukuma majini ni kazi ndogo. Tunakata kamba, tunaegemeza, limekwenda."

Mama Mhifadhi hakumkasirikia. Alimgeukia Mzee Sadala.

"Kulishusha vizuri, mpaka mchangani?"

"Mpaka alasiri," alisema Mzee Sadala. "Na watu wa kuvuta sina. Kushusha ni kugumu kuliko kupandisha, Mama. Kupandisha unavuta. Kushusha unazuia."

Mama Mhifadhi alisimama pale miguu mitupu mchangani, na nadhani sijawahi kuona mtu akifikiri waziwazi namna ile. Kisha akaamua yote kwa mara moja. Watoto waliolegea na mama zao waingie kwenye boti yetu ya makumbusho sasa hivi, pamoja na muuguzi, waende Kigoma. Sisi tuanze kushusha. "Jua likifika pale," alisema, akaonyesha kwa mkono juu ya milima ya Kongo, "kama jiwe halijawa mchangani, tunalisukuma majini. Sitamweka mtoto wa mtu ufukweni kwa ajili ya jiwe. Bukuru, tafuta shoka. Wewe utakaa kwenye kamba ya nyuma. Nikikwambia kata, usiniulize mara ya pili."

Nikaenda kuazima shoka kwa Mzee Bihunga. Alinipa bila kuniangalia.

Katika wakimbizi alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Ndayizeye, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitujia akauliza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, "Mnafanya nini na ibuye hili?"

Mama Mhifadhi alimweleza wazi: ni jiwe la kale, tulikuwa tunalihamisha, sasa tunalitoa ili watu wapate nafasi, na lisiposhuka mapema tutalitupa. Ndayizeye akapanda kwenye sitaha, akaangalia vishimo. Akapitisha kidole kwenye kimojawapo.

"Kwetu tunacheza huu mchezo," alisema. "Baba yangu alikuwa anacheza na dada yake mpaka wanagombana."

Akashuka, akasimama mbele ya watu, akasema nao kwa Kirundi. Nilielewa nusu, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu. Hakuwaomba waokoe kitu cha kale. Aliwaambia kwamba chombo kitaondoka pindi jiwe likishuka, na mwenye nguvu aje ashike kamba. Wakaja. Wanaume, wanawake, mabinti, watu ambao walikuwa wametembea mlimani bila kula. Yule wa cherehani alitua cherehani yake hatimaye, akamkabidhi bibi mmoja, akaja.

Mzee Sadala aliwapanga kama alivyokuwa akitupanga sisi. Kundi la kwanza kwenye kamba za kulia, la pili kushoto, na kundi kubwa nyuma, kwenye kamba ya kuzuia, ambayo tuliipitisha kwenye kapi na kuizungusha kwenye nguzo ya tishari, mwisho wake ukirudi mchangani kwa walioishika. Mimi nilisimama kwenye nguzo hiyo na shoka. Ndayizeye alikaa juu ya ukingo wa tishari akihesabu: "Rimwe, kabiri, gatatu!" na kila gatatu jiwe liliteleza kidogo juu ya magogo, kisha kila mtu akashika pumzi mpaka kabari zigongwe. "Buhoro buhoro," alisema. Polepole. Na watu wakaanza kulijibu neno hilo kwa wimbo, sauti ya chini, isiyo ya furaha wala ya huzuni, wimbo wa kazi tu.

Sadala alikuwa kila mahali. Alikuwa anafika kwenye kabari kabla kabari haijahitajika. Nilimwona akimshika mkono bibi mmoja na kumhamisha taratibu kutoka mahali ambapo gogo lingemvunja mguu, bila kuondoa macho kwenye jiwe. Nimefanya kazi na mafundi wengi. Yule alikuwa bora wao wote.

Jiwe lilifika kwenye mlango wa chuma, ambapo sitaha inaanza kuteremka. Hapo ndipo wimbi moja liliponyanyua tishari. Kitanda kikapinda. Kamba ya kulia ikalia, ikakatika, na watu waliokuwa wameishika wakaanguka chali. Jiwe likageuka kichwa, likaanza kutazama ubavuni, upande wa kilindi. Tishari lote likainama nalo. Nikasikia nahodha akipiga kelele. Nikaona wale waliokuwa kwenye kamba ya nyuma, ile yangu, wakiburutwa mchangani visigino mbele, na kamba ikitoa moshi kwenye nguzo.

Nikainua shoka, nikamtazama Mama Mhifadhi.

Alikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Hakuwa anatazama jiwe. Alikuwa anatazama watu wa kamba. Baadaye nilimuuliza, akaniambia alikuwa anatafuta kama kuna hata mmoja anayeachia.

"Bado," alisema.

Hakuna aliyeachia. Ndayizeye aliruka kutoka pale juu, akashika mwisho wa kamba. Mzee Bihunga, ambaye umri wake ulikuwa wa kuketi tu, akaja na watu wake wa kijiji, nao wakaingia nyuma yao. Kamba ikaacha kutoa moshi. Mzee Sadala akapiga magoti chini ya pua ya jiwe, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hapigi magoti, akatia kabari, akagonga, akatia nyingine, akagonga. Jiwe likatulia. Wakalirudisha kichwa taratibu, kwa mtaimbo na kwa mabega, na kwa gatatu ya mwisho likateremka mchangani kwa mlio mzito, kama mtu anayeketi baada ya safari.

Jua lilikuwa bado halijafika mahali alipoonyesha. Mimi nilikuwa bado nimeinua shoka. Mzee Sadala ndiye aliyelichukua mkononi mwangu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa pakia watu."

Tishari liliondoka limejaa, mimi nikiwa ndani. Njia nzima nilibeba mtoto wa mtu nisiyemjua, kwa kuwa mama yake alikuwa na mapacha na mikono haikumtosha. Kigoma watu walitupokea kwenye gati kwa uji na maji, wengine wakiita majina ya ndugu zao kwa sauti, na baadhi waliitikiwa. Tishari lilirudi Kagunga, likarudi tena, na ikawa hivyo kwa muda mrefu. Wale watoto wa boti ya kwanza, muuguzi aliniambia, walipona wote isipokuwa mmoja. Jina lake nalijua na sitaliandika, kwa kuwa ni la mama yake kulitaja.

Jiwe likabaki Kagunga, juu kidogo ya mstari wa mawimbi. Watu waliendelea kufika, wakilala kando yake kukwepa upepo, wakianika nguo juu yake. Wazee wawili wa Kirundi waliokuwa wakisubiri chombo walikusanya kokoto wakacheza bao kutwa nzima, na Mzee Bihunga akajiunga nao, akashindwa, akakasirika kweli.

Mkurugenzi wetu kutoka makao makuu alikuja na boti ya serikali. Alikuwa mtu wa suti na maneno machache, na tulikuwa tumesikia kwamba amekasirishwa. Alimkuta Mama Mhifadhi anagawa maji. Akalitazama jiwe lililofunikwa kanga za watu, akawatazama watu.

"Nani aliamuru lishushwe?"

"Mimi."

"Na ukaamuru litupwe, ikibidi."

"Ndiyo, mkurugenzi. Ningelitupa."

Akainua kanga moja kwa ncha za vidole, akakagua vishimo, safu kwa safu, akazunguka mpaka kwenye mifereji ya kunolea. Alichukua muda wake. Akairudisha kanga ilivyokuwa.

"Halina ufa," alisema.

"Halina."

"Basi tutasema kazi imeahirishwa." Akavua koti, akaliweka juu ya jiwe pamoja na nguo nyingine, akauliza ndoo ziko wapi.

Kabla ya masika yaliyofuata tulilichukua. Watu wengi walikuwa wameshapelekwa kambini upande wa Kasulu, na tishari likapatikana. Safari hii ziwa lilikuwa tulivu, watu wa Kagunga walivuta kamba, na hakuna lolote la kusimulia, jambo ambalo katika kazi yetu ndilo sifa kubwa kuliko zote. Ujiji tulilijengea banda lisilo na kuta. Mzee Sadala alichora alama yake ya mwisho ya chaki siku tulipoliweka chini. Alistaafu muda mfupi baadaye, akaishi miaka mingi, na hadi anafariki alikuwa akipita pale baada ya sala ya Ijumaa kuona kama limelala sawa. Ndayizeye alifundisha watoto kambini, kisha amani iliporudi akarudi kwao. Aliwahi kupita Ujiji akiwa njiani. Alicheza na mimi mchezo mmoja juu ya jiwe, akanifunga, akaaga.

Mimi nilifika cheo cha fundi mkuu, nikakishika mpaka nilipostaafu. Mgongo wangu umepinda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji. Vijana wa makumbusho huniuliza ni kitu gani kizito zaidi nilichowahi kuhamisha, nami huwatajia mizinga ya pwani. Wanataka tani, nawapa tani. Nikibaki peke yangu ndipo ninapofikiri juu ya wakuu wangu. Msimamizi wa pwani alinifundisha kwamba kitu cha kale ni cha kuheshimiwa. Mzee Sadala alinifundisha kwamba kina mwili, kama mtu. Mama Mhifadhi aliweza kukipenda kitu kile na bado akawa tayari kukipoteza bila kujisifu kwa hilo. Nimejaribu kuwa kama wao. Kwa yule wa mwisho sina hakika kama nilifika.

Mwaka juzi Mama Mhifadhi alikuja Kigoma kututembelea, akiwa bibi wa watu, fimbo mkononi. Nilidhani atataka kwenda Ujiji kuliona jiwe. Alitaka Kagunga. Tukapanda boti ya abiria, tukakaa kati ya magunia na kuku. Ufukwe ulikuwa umeanikwa dagaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, unang'aa, na harufu yake ilitupokea kabla hatujashuka. Mama Mhifadhi akavua viatu. Akatembea mpaka pale tulipokuwa tumesimamisha tishari, akasimama.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio akatuona, akaja.

"Shikamooni, wazee wangu. Mmepotelewa na kitu?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Mhifadhi. "Hapana. Tuliwahi kufanya kazi hapa, zamani."

"Kazi gani?"

Nilidhani atamweleza habari za jiwe. Alimtazama yule mwanamke, akatazama maji, akatazama mlima walikoshukia wale watu.

"Kuvusha watu," alisema.

"Ah!" alisema yule mwanamke, kama mtu anayesikia jambo la kawaida kabisa. "Basi mtakuwa mmechoka." Akakung'uta gunia, akalitandika mchangani, akatuambia tuketi.